Miguu Yetu Inafanana



Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita mama mmoja alitupigia simu kutaka nafasi ya kumpambia binti yake. Tukaelewana siku, tukaelewana bei ya hina na bei ya uso, tukadhani mazungumzo yamekwisha. Halafu akashusha sauti, kama mtu asiyetaka jirani asikie. "Nyinyi si Waarabu? Basi mtanifahamu. Mwanangu mweusi kidogo. Nataka siku ile atoke mweupe." Tulimwambia tutamtoa anang'ara, inshallah, lakini kwa rangi yake. Akasema atatupigia tena. Hakupiga.

Hatumlaumu. Miaka michache nyuma tungemwambia asijali, na tungemfanyia. Tena tulikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Leo tunataka kueleza kwa nini tumeiacha, na kwa nini katika maneno yake yote, lililotuchoma zaidi ni lile la mwanzo: "Nyinyi si Waarabu?"

Sisi ni dada wawili, baba mmoja mama mmoja. Kwa baba tunaitwa Washihiri. Babu yake babu alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, akauza kahawa, akaoa, akabaki. Kwa mama ni Jambiani, watu wa kusini, wasukaji wa ukili na wakulima wa mwani. Mmoja wetu alitoka na rangi ya babu na nywele za singa. Mwengine alitoka na rangi ya mama na nywele ambazo kitana huvunjikia humo humo. Tulilala kitanda kimoja, tukashonewa nguo za Idi kutoka jora moja, na haikupita Idi hata moja bila ya mgeni kuuliza kama mmoja wetu ni mtoto wa jirani.

Mjini, wageni wa upande wa baba walimbusu mweupe kwanza. Kwa mweusi walisema, "Huyu kachukua kwao mama," kwa sauti ile ile ya mtu anayeeleza doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Shamba nako mambo yaligeuka. Watoto wenzetu walimwita mweupe Mwarabu koko, na tukienda pwani kufunga mwani wakamwambia akae juu asije akaungua. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na upande wa kulilia. Usiku tulihadithiana, na tulicheka zaidi kuliko tulivyolia, lazima tuseme kweli. Lakini mweupe alitukanwa kwa kudhaniwa ana makuu, na mweusi alihurumiwa. Hayo hayalingani, na mweupe ndiye aliyechelewa kulikubali hilo.

Hina tulijifunza kwa bibi zote wawili. Bibi wa mjini alituonyesha koni, maua ya asumini yanayotambaa, mistari myembamba kama uzi. Bibi wa shamba hakuwa na koni. Alichovya ncha za vidole vyote hadi kwenye kiungo cha kwanza, akaweka duara kubwa katikati ya kiganja, akakufunga mikono kwa kitambaa ukalale. Asubuhi duara lile lilikuwa jekundu la kuiva. Tulipokua na kuanza kazi kwa malipo, tuliiita kazi yetu hina za Kiarabu. Ya bibi wa shamba tuliiacha huko huko shamba.

Sasa tukiri jambo ambalo wateja wetu wa zamani hawalijui. Katika sisi wawili, mwenye mkono mzuri wa kuchora ni yule mweusi. Mwengine husaidia, hukoroga, hupokea simu. Lakini kila picha tuliyoonyesha watu kwa miaka mitano ya mwanzo ilikuwa ya mikono ya yule mweupe. Mweusi alichora, mweupe akapigwa picha. Hakuna aliyetuamrisha. Hatukukaa hata kulijadili. Tulijua tu kwamba picha ile ndiyo italeta maharusi, na ililetа kweli.

Na maharusi walipokuja, tuliwapaka. Faundesheni mbili juu ya rangi yao, poda juu yake, taa ya ukumbi ikamaliza. Siku moja, wakati wa kumtoa bibi harusi, bibi yake mzaa mama alikaribishwa juu akae naye kwenye kiti. Kizee kile kiliushika mkono wa mjukuu wake, ukaangaliwa mkono, ukaangaliwa uso, ukaangaliwa mkono tena. Kisha akasema, si kwa ukali: "Mkono wa mjukuu wangu ndio huu. Uso nani kauchukua?"

Watu wa mbele walicheka. Bibi harusi naye alicheka, machozi yakamtoka, tukakimbilia kumfuta na ile poda ikatoka na leso. Pale palipofutika ndipo alipoonekana yeye. Hatukulala usiku ule.

Tukaanza kuulizana maswali ambayo tulipaswa kuulizana zamani. Kwanza, huu mchanganyiko wetu tunaojivunia ni wa nini na nini? Maana mtu wa Unguja akikwambia "mimi nimechanganya," subiri kidogo utamsikia anachokitaja. Atataja Shihiri, Muscat, Kutch, Ngazija, Shirazi. Ule upande mwengine, ambao mara nyingi ndio mkubwa, hautajwi. Unabaki kuwa maji yaliyotiliwa sharubati.

Tulikwenda kumuuliza bibi wa mjini, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipokuwa bado na kauli. Mama yake alikuwa nani, tukamuuliza, na mama wa mama yake? Akanyamaza muda mrefu. Akatuambia bibi yake aliletwa mdogo kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akawa suria katika nyumba yao. Aliitwa jina la ua, kama walivyoitwa wengi. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Ndipo tulipofahamu kwamba bibi huyu, aliyekuwa akitupangia nani amechukua pua ya nani, mwenyewe alikuwa na nywele alizozificha chini ya mtandio maisha yake yote. Na sababu alikuwa nayo. Alikuwa msichana wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo serikali ya Mwingereza hapa iligawa chakula cha mgao kwa kufuata kabila la mtu. Aliyeandikwa Mwarabu na aliyeandikwa Mwafrika hawakupata chakula kimoja. Katika hali hiyo, wewe ungetaja bibi wa Nyasa? Ukaja mwaka 1964, na kabila lile lile lililomlisha mchele likawa la kuogopwa. Binadamu akishapitia mawili hayo katika umri mmoja, hujifunza kunyamaza kwa pande zote.

Wadogo zetu wengi hawajui kwamba amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa Unguja iliwaacha nje masuria. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Sheria ya dini, kwa upande wake, ilikwisha kusema zamani: suria akimzalia bwana wake, hauzwi, na bwana akifa yeye ni huru, na mtoto wake ni huru na anarithi sawa na ndugu zake. Watoto wa Sayyid Said wenyewe walizaliwa na masuria, Wahabeshi na Wacherkesi. Sayyida Salme, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, mama yake alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa. Hakuna anayeona haya kumtaja huyo. Haya yetu huanza pale mama alipotoka bara.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaokisifu kisiwa chetu kwa wageni, kwamba hapa damu zimechanganyika kama viungo vya pilau. Ni maneno matamu na sisi tuliyatumia kwenye kadi zetu za biashara. Lakini wanawake hawakuchanganyika kama karafuu na hiliki. Wengine waliolewa kwa posa na mahari, alhamdulillahi. Wengine walinunuliwa. Na mwaka 1970 wako mabinti wa asili ya Kiajemi hapa hapa Unguja walioozeshwa kwa nguvu, ikasemwa kwamba ni kuondoa ubaguzi. Mtoto wa ndoa ile hana kosa, na mtoto wa suria hana kosa. Ila anayeuimba mchanganyiko bila ya kuwataja mama hao, anaimba nusu.

Mteja wetu mmoja anayeishi Uingereza ndiye aliyetuonyesha kazi za Lubaina Himid. Alizaliwa Unguja mwaka 1954, baba wa hapa na mama Mwingereza. Baba alifariki yeye akiwa na miezi minne, mama akarudi naye kwao. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alipata tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa kwa wasanii kule, na alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kilichotushtua ni kwamba katika kazi zake zimo kanga, amezichora na pindo lake na mji wake na maneno yake. Mtoto aliyeondoka hapa hajui hata kutambaa, akautafuta upande wa baba kwa njia ya kitambaa.

Ana kazi nyengine ya mwaka 2004, iitwayo Naming the Money. Ni sanamu bapa 100 za mbao, za kimo cha mtu, za Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, walezi wa mbwa. Kila mmoja ana maelezo mafupi yanayomtaja kwa jina lake la kweli, kisha jina walilombandika mabwana. (Mjadala wa sanamu na picha za viumbe hatuuingii leo, masheikh wameuzungumza.) Tulivyosoma habari ya yale majina mawili mawili, tulimkumbuka bibi wa Nyasa, ambaye kwetu limebaki jina moja tu, nalo ni la kubandikwa.

Kwa hiyo tulirudi kwenye koni na unga wa hina. Sisi si wachoraji wa tuzo. Tunachokijua ni mkono wa mwanamke.

Tulianza na lile tatizo ambalo kila bibi harusi mweusi ameambiwa: "Hina haikukubali, bora piko." Hina ya kawaida nyuma ya mkono mweusi huonekana kidogo, ni kweli. Basi maharusi wakapelekwa kwenye piko, yaani ile dawa ya kutia weusi nywele, na tumeshuhudia mikono iliyovimba na kutoka malengelenge siku mbili kabla ya nikaha. Tafadhalini, dada zetu, msiweke ile dawa ya nywele kwenye ngozi. Lakini ukweli ni kwamba ile michoro yenyewe ndiyo iliyokuwa haifai. Tulikuwa tunachukua mistari ya uzi iliyobuniwa kwa mkono mweupe, tunaiweka juu ya mkono mweusi, ikipotea tunaulaumu mkono.

Bibi wa shamba alijua. Ndio maana aliweka duara kubwa, na ndio maana alilenga kiganja na ncha za vidole. Kiganja na unyayo hushika hina vizuri kwa mtu wa rangi yoyote. Siku hizi nyuma ya mkono tunachora ukili. Tunachukua mkeka wa Jambiani, tunauweka mbele yetu, na tunafuata zile kona kona zake kwa mkono mzito, unene wa njiti ya kiberiti, tukiacha nafasi pana za ngozi ili ngozi yenyewe iwe sehemu ya ua. Ndani ya kiganja, ambako ni kweupe, tunaachia asumini ya bibi wa mjini itambae na uzi wake mwembamba. Kwenye kifundo tunazungusha pindo kama la kanga. Hina tunaikoroga kwa ndimu, sukari na mafuta ya karafuu kidogo, inakaa usiku kucha, na tunamsihi bibi harusi asihukumu asubuhi ile, maana rangi hukolea siku ya pili.

Basi ukiutazama mkono huo, bibi zetu wawili wamo, ambao walipokuwa hai hawakukaa mkeka mmoja zaidi ya mara tatu au nne.

Jengine tulilolibadilisha ni jina. Mnajua desturi ya kuficha herufi ya jina la bwana harusi ndani ya maua, aje aitafute. Ni mchezo mzuri na bado tunaufanya. Ila sasa tunamuuliza bibi harusi pia jina la bibi mmoja anayetaka aende naye. (Majina yenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake hatuyaandiki mwilini.) Hapa ndipo tulipopata mshangao. Wasichana wetu wanaweza kukuhesabia mababa, fulani bin fulani bin fulani, hadi saba. Ukimuuliza mama wa bibi yake aliitwa nani, anapiga simu. Mara nyengine anayepigiwa naye anapiga simu. Wako maharusi waliolipata jina siku ile ile ya hina, wakiwa na mikono miwili imejaa na simu imeshikwa na wifi sikioni. Na yuko mmoja ambaye familia yake ilikata simu. Tulimchorea duara tupu.

Tunajua masuali yatakayokuja, kwa sababu tumekwisha kuulizwa. Yuko dada aliyetuambia kwamba mapambo ni mapambo, na mwanamke ana haki ya kutoka anavyotaka siku yake. Haki anayo. Wanja hubadilisha jicho na hatujaacha kupaka wanja. Lakini tumepamba maharusi wengi, na anayeomba mwenyewe kutolewa mweupe ni mmoja mmoja. Anayeomba ni mama, au shangazi, au mavyaa mtarajiwa kupitia kwa wifi. Na wengi wa mabinti hao wameanza mkorogo miezi mitatu kabla, tunaujua kwa harufu na kwa ngozi inayowaka tukiigusa. Hilo si pambo. Ni mtu anaambiwa aingie nyumba ya watu akiwa mwengine, kisha aoge asubuhi akae na wasiwasi.

Yuko pia aliyetuambia kwamba sisi wenye mchanganyiko ni rahisi kusema haya, kwa sababu mmoja wetu ni mweupe na biashara ilikwisha kusimama. Hapo hatuna jawabu zuri. Amesema kweli. Tulipobadilisha picha, tukaonyesha mikono ya yule mweusi, simu zilipungua, na kwa miezi kadhaa tuliishi kwa kushona mashela. Zimerudi, si zote.

Wanaotukumbusha mambo ya kufu na nasaba tunawaachia masheikh wawajibu kwa fiqhi yake. Sisi tunapenda kumtaja Usama bin Zaid, radhi za Allah ziwe juu yao. Baba yake alikuwa mweupe. Mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi, na Usama alitoka mweusi sana, watu wakawa wanamsema kwa hilo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba siku moja Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwake uso unang'ara kwa furaha. Yuko mtu mmoja, mjuzi wa kutambua nasaba, aliwapita Zaid na Usama wamelala, wamejifunika vichwa na miguu iko nje, akasema miguu ile ni ya damu moja. Na ni Usama huyo huyo ambaye Mtume alimshauri Fatima binti Qays, Mkureishi, aolewe naye. Kwanza hakumtaka. Akaolewa, na akasimulia mwenyewe kheri aliyoipata mpaka wenzake wakamwonea wivu.

Kila tukisoma habari ile tunaangalia miguu yetu. Sisi wawili, tunaoulizwa kila Idi nani mtoto wa jirani, tuna miguu mmoja: kidole cha pili kimepita cha gumba, na nyayo zimejipinda kidogo ndani. Baba anayo. Bibi wa mjini alikuwa nayo. Yeye aliitoa kwa nani hatujui, ila mababu wa Kishihiri waliobaki katika ukoo wetu hakuna mwenye mguu ule. Usiku wa kuamkia harusi ya mdogo wetu wa kiume tulimchora mkewe miguu, na shangazi yetu mmoja, yule yule wa kitambaa cha meza, akatoa miguu yake kutoka chini ya buibui akaiweka pembeni ya yetu kwenye mkeka. Hakusema kitu. Ilikuwa ile ile. Akatuambia tumchoree na yeye, ule mzito, wa shamba.

Nafasi za maharusi wa mfunguo mosi tumeanza kuandika. Uje mapema na mama yako, tuijaribu rangi ya uso wako mchana, mlangoni, kwenye mwanga wa jua na si wa taa. Na kabla ya kuja, muulize bibi jina la mama yake.